Mwanahawa, fika bomani jioni

Mbezi, Dar es Salaam

Kwako Mwanahawa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Unguja. Nimefurahi kusikia unataka kujifunza ufugaji wa Kimaasai. Basi safari yako ifuate saa za kukamua. Wageni wengi hufika bomani, yaani kwenye makazi ya wafugaji, saa sita mchana, ng'ombe wote wako malishoni, wanachezewa ngoma, wananunua shanga, wanaaga. Wewe ingia jioni, ulale, uamke alfajiri.

Ukishuka boti, njoo kwangu. Basi la Arusha huondoka Stendi ya Magufuli alfajiri na kufika jioni. Usiunganishe usiku huohuo. Kesho yake nenda Longido, ndiko liliko boma, kilomita 80 hivi kutoka Arusha kwa barabara ya Namanga. Jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji na kwa laigwanani, kiongozi wa kimila, mpatane malipo, ya picha pia, kabla hujaingia bomani. Sukari na majani ya chai mkabidhi mama wa nyumba mwenyewe, maana nyumba ni yake: ndiye aliyeisimamisha kwa fito na kuikandika kwa mavi ya ng'ombe.

Ng'ombe wa asili hashushi maziwa bila ndama. Ndama hufunguliwa anyonye kidogo, kisha mama wa nyumba anakamua upande mmoja huku ndama akiendelea upande wa pili. Tazama mkono wa mama unavyoacha mapema. Ng'ombe mmoja hutoa lita moja au mbili tu kwa siku, kiangazi hata hazifiki, na akikamuliwa kwa pupa ndama hudhoofu, asihimili kiangazi wala maradhi.

Omba pia uone kibuyu kinavyosafishwa. Kijiti cha oloirien, yaani mzeituni pori, huchomwa ncha mpaka iwe kaa jekundu, kikaingizwa na kusuguliwa ndani pande zote. Majivu hukung'utwa na kufutwa kwa brashi ndefu. Moshi ule ndio unaofanya maziwa yagande vizuri yasioze, na ndio ladha utakayoikuta kwenye chai. Kibuyu kikibaki na unyevu, maziwa yananuka.

Wazee waulize habari za nyumbu wa porini. Ndama wa nyumbu, miezi yake ya mwanzo, hutoa kirusi puani na machoni. Yeye haumwi, lakini ng'ombe akila nyasi alipopita anapata homa isiyo na tiba. Kwa hiyo nyumbu wakizaa, kuanzia Januari hadi Machi hivi, ng'ombe huondolewa uwandani, ingawa nyasi za pale wakati huo ndizo bora kuliko zote. Waulize na alalili, malisho yanayofungwa masika yote ili kiangazi ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha wapate chochote. Yakiguswa mapema, Oktoba inawakuta na vumbi. Anayesema wafugaji hawa wanatangatanga tu hajawahi kuketi na mzee mmoja akamsikiliza.

Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi, ni kukosa adabu. Muulize rangi zao na mama zao, atazungumza mpaka usiku. Mtoto akikuinamishia kichwa, mguse utosini kwa kiganja. Ukisalimiwa "takwenya", itika "iko".

Beba sweta, Juni kule ni baridi kwelikweli. Nitumie tarehe nikukatie tiketi mapema, za viti vya mbele huisha haraka.

Rafiki yako,
Subira