Mwanangu, usinunue miwani kabla ya damu kutulia

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Bukavu. Nimeisoma karatasi ya labo uliyonitumia: TSH, homoni ya ubongoni inayoiamsha tiroide, ni 42. Nimesoma pia kwamba jioni barabara inakupotea, rangi zimepauka, na duka la miwani huko Lubumbashi linakuhimiza ulipe wiki hii. Usilipe bado, mama yangu. TSH ya mtu mzima kwa kawaida hukaa kati ya 0.4 na 4. Yako inasema tiroide, ile tezi ya shingoni, inazalisha homoni kidogo mno, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni mmoja wa wateja wake.

Seli za koni za retina, zinazoona rangi, huongozwa na homoni ya tiroide iitwayo T3 katika kutengeneza protini za kupokea mwanga. Panya waliokwisha komaa waliponyimwa homoni za tiroide, protini ya kupokea kijani ilipungua na ya buluu ikaongezeka. Waliporudishiwa, hali ikageuka tena. Kwa binadamu asiyetibiwa, kipimo cha umeme wa retina mara nyingi hutoa mawimbi madogo yaliyochelewa. Hata ishara ambayo ingefika nyuma ya ubongo kwa milisekunde kama 100 hukawia. Ndiyo sababu mtu anaweza kusoma herufi nyeusi za ukutani bila shida, kisha akashindwa kuona ngazi ya saruji wakati wa machweo. Lenzi haitibu hilo. Tena konea, kioo cha mbele ya jicho, inaweza kujaa maji kidogo, kwa hiyo namba utakayopimwa leo huenda isikufae damu ikishatulia.

Kuhusu jioni, tazama viganja na nyayo zako mchana, kwenye mwanga wa jua. Mawese, lengalenga na sombe vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kuonea gizani. Tiroide ikilegea, ugeuzaji huo hupungua na karotini hubaki ikipaka ngozi umanjano. Viganja vikiwa vya manjano na weupe wa macho ukabaki mweupe, ni karotini. Macho yenyewe yakiwa ya manjano, waambie wapime ini. Ila usimeze kile kidonge chekundu cha kampeni za watoto: kina uniti 200,000 za vitamini A, na kwa mwanamke anayeweza kubeba mimba ni hatari kwa mtoto. Kula mayai, na maini kidogo mara moja moja.

Sasa jambo ninalokuomba ulifanye leo. Tiroide ikilegea muda mrefu, pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo inayotoa TSH, huhangaika kuiamsha hadi yenyewe inavimba, na juu yake tu ndipo neva za macho zinapokutana. Zikibanwa, mtu hupoteza pembeni, upande wa masikioni, bila kujua. Kaa uso kwa uso na mwenzako, umbali wa mita moja. Ziba jicho moja, utazame pua yake bila kuhama, naye alete kidole polepole kutoka pembeni, juu na chini. Rudia kwa jicho la pili. Kidole kikichelewa kuonekana upande wa nje kwa macho yote mawili, nenda kwa daktari wa macho akupime uwanja wa kuona, na picha ya kichwa ifuate. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hunywea kwa dawa ya tiroide peke yake. Asikukimbize mtu kwenye upasuaji kabla ya kupima homoni. Omba pia kipimo cha T4 huru, homoni ya tiroide yenyewe kwenye damu, kwa sababu TSH haisimulii yote.

Dawa ni levotiroksini. Dozi kamili hukaribia mikrogramu 1.6 kwa kilo, yaani kama 100 kwa mtu wa kilo 60, lakini daktari ndiye anayeamua. Meza kwa maji matupu ukiamka, usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya chuma au kalsiamu viachane nayo kwa muda wa saa nne, la sivyo vinaikamata tumboni. Joto na unyevu huiharibu: usiiweke dirishani, wala usinunue vidonge vilivyoshinda juani sokoni. Rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi namba inadanganya, maana dawa huchukua takriban wiki moja kupungua nusu mwilini. Ukishika mimba, mwone daktari siku hiyo hiyo, dozi huongezwa.

Watakuambia ni chumvi isiyo na iodini, kwa kuwa kisiwa chetu cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni. Iodini chache pamoja na muhogo usiolowekwa vizuri kweli huiumiza tezi. Chumvi yenye iodini ya kupikia inakutosha. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Matone ya Lugol, yale ya iodini kali, uyakatae: iodini nyingi nayo huizima tiroide.

Kope zilizovimba asubuhi na macho makavu vitapungua taratibu. Lakini pazia jeusi, vimulimuli, kuona viwili au maumivu ya ghafla, usivisingizie tiroide: hospitali, siku hiyo hiyo.

T4 ikitoka, nitumie picha ya karatasi, na uniambie kidole kilionekana wapi.

Mama yako