Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Malikale: Wapagazi wa Vita Kuu wanazolewa pamoja na kifusi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakusalimu. Nimelelewa kwamba jambo la mkubwa hupelekwa kwa mkubwa, haliangushwi barazani mbele za watu. Ndivyo nilivyofanya. Nilianza kijijini, nikapanda kata, nikapanda wilaya. Barua zangu zimepokelewa, zimegongwa mihuri, na jibu limekuwa lile lile kila ninaporudi: tutalifanyia kazi. Wiki iliyopita kazi imefanyika kweli, Mheshimiwa, ila imefanywa na katapila.

Kijiji chetu kipo bonde la Lukuledi, mkoani Lindi, si mbali na Mahiwa. Kuna kilima ambacho wazee wetu walikuwa hawalimi. Ukiwauliza kwa nini, walikuwa wanasema pale wamelala wapagazi wa vita ya Mjerumani, yaani wabeba mizigo wa majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Hakuna msalaba wala jiwe lenye maandishi, kuna mikwaju tu. Mkandarasi wa barabara alipokuja kutafuta kifusi, akaonyeshwa kilima hicho. Nilifika nikakuta watu wamejazana. Ndoo ya katapila ilikuwa imeinua udongo mwekundu uliochanganyika na mifupa ya watu: mguu, taya lenye meno ya kijana, na kipande cha bati cha duara, kimekula kutu, kina tundu upande mmoja. Mpagazi wa Mwingereza alikuwa anavalishwa bati la namba shingoni. Msimamizi wa kazi akakiokota, akakisugua kwa kidole gumba, akakitia mfukoni. Kisha akasema ni mifupa ya zamani, fukieni tuendelee. Kiongozi aliyekuwepo pale hakusema neno.

Mimi nilisema. Nikaambiwa, mzee, kaa pembeni utaumia.

Mheshimiwa, babu yangu mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1917, wakati marehemu baba alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Bibi alisimulia kwamba walikuja alfajiri wakati watu wamelala, wakakusanya wanaume wenye nguvu, wakawafunga kamba wasitoroke. Hakurudi. Bibi aliolewa tena, lakini hakukubali kufanya matanga kwa miaka mingi, maana hakuna aliyemletea habari ya kifo. Baba alikua akiitwa mtoto wa aliyepotea, na katika kugawana mashamba ya ukoo hilo lilimgharimu: hakuwa na wa kumsemea. Umaskini tuliozaliwa nao sisi ulianzia hapo. Sidai babu yangu ndiye aliyekuwa kwenye ile ndoo ya katapila, lakini wenzake walikuwemo.

Nakukumbusha ukubwa wa jambo hili, maana naona linachukuliwa kama hadithi ya kijiji kimoja. Mahiwa walipigana kuanzia Oktoba 15 hadi 18, 1917, na ilikuwa kati ya mapigano makali kuliko yote katika vita ile upande huu wa Afrika. Majenerali wanatajwa hadi leo, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwanza. Wanaowataja hawasemi risasi na unga vilifikaje Mahiwa. Ng'ombe, nyumbu na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o, barabara hakuna, reli iko mbali. Vilifika vichwani mwa watu. Waingereza peke yao walikusanya Waafrika karibu milioni moja katika vita nzima, na kwa hesabu yao wenyewe takriban 95,000 walikufa. Wapo wanahistoria wanaosema walizidi hapo. Upande wa Mjerumani wapagazi hawakuwekewa hata hesabu. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, wakila unga usioiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni za kutosha, huku wamebeba chakula cha wengine.

Wala si Lindi pekee. Soko la Kariakoo limejengwa palipokuwa kambi yao. Na wewe, Mheshimiwa, ofisi yako ipo Dodoma. Waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kulima, kisha mvua ikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa Ugogo. Unapita juu ya ardhi hiyo kila siku kwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na sijaona hata kibao kimoja cha kuwakumbuka.

Ofisa mmoja niliyemfuata (sitamtaja) aliniambia wale hawawezi kuwekwa kwenye kundi la mashujaa, kwa sababu walikuwa wanawatumikia wakoloni. Neno hilo liliniuma kuliko kusukumwa na vijana wa katapila. Mtu aliyefungwa kamba alfajiri anamtumikia nani? Na taifa hili tunalosherehekea lilitoka wapi, kama si kwenye vita ile? Mjerumani aliposhindwa, Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji, pembetatu ya Kionga, kipande kidogo kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, wakapewa Wareno, kilichobaki wakapewa Waingereza na mwaka 1920 kikaitwa Tanganyika. Mipaka ya Bara tunayoichora ubaoni ilikatwa pale. Na kwa kuwa nchi hii ilikuja kuwa ya udhamini, yaani Waingereza waliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, siyo koloni la kawaida, ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mlango ule aliopitia Mwalimu ulifunguliwa na vita iliyobebwa vichwani na kina babu. Nimefundisha historia shule za msingi hadi nastaafu, na sijapata kuona wapagazi wakipewa zaidi ya mistari michache.

Kuna jambo lingine ambalo naomba ulisome mara mbili. Mwaka 1921 na kuendelea Waingereza walikuwa wanajadili makaburi ya vita yafanywe vipi. Wazungu wakapata kaburi moja moja na jina. Kuhusu makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, gavana wetu wa kwanza wa Kiingereza, Horace Byatt, aliona yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Hakutaka hata kuziangalia takwimu za Waafrika waliokufa. Haya yametolewa hadharani mwaka 2021 na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe, katika taarifa yake ya kukiri ubaguzi. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni kwao Aprili mwaka huo. Taarifa hiyo inasema walioachwa bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa, ni kati ya 116,000 na 350,000, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Byatt aliondoka Tanganyika mwaka 1924. Tumepata uhuru 1961. Mbona shauri lake linaendelea kutekelezwa, Mheshimiwa, na safari hii tunalitekeleza sisi wenyewe kwa mafuta ya dizeli tuliyoyalipia kodi?

Wenzetu wa Afrika Kusini wamefanya. Januari 2025, Cape Town, yalizinduliwa majina ya watumishi weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ile, kila mtu na nguzo yake ya mti yenye jina lake. Kumbe inawezekana. Na sisi hatushindwi kuenzi tunapoamua: Songea tuna makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari 27 watu wanakusanyika. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikuja mpaka Songea kuomba radhi. Wale wa Maji Maji wanastahili kila heshima wanayopewa. Lakini kati ya Maji Maji na vita ile ni miaka saba tu. Mama aliyempoteza mume 1907 ndiye huyo huyo aliyempoteza mwana 1917.

Kwa nini kimya hiki? Mimi naona ni kwa sababu hawana ukoo wa kifalme, hawana picha, wala hakuna mtalii anayelipa kiingilio kuona kilima chenye mikwaju. Au labda tunaona haya kwamba walibebeshwa badala ya kupigana. Nadhani pia daftari za mishahara yao zipo mahali, maana mpagazi wa Mwingereza alikuwa na namba na ujira, hata kama ujira wa waliokufa haukuwafikia wajane wao. Penye malipo pana jina. Sijasikia kwamba kuna mtu wa serikali yetu ametumwa kuyatafuta.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi: mnara Mahiwa, somo shuleni, siku ya kumbukumbu, fidia. Nayaweka yote kando kwanza, kwa sababu katapila halisubiri bajeti. Naomba simamisha uchimbaji kwenye kile kilima. Mlete mtaalamu wa malikale aone kilichotoka ardhini kabla hakijashindiliwa barabarani, na kile kipande cha bati kitolewe mfukoni mwa msimamizi. Halafu fungua daftari moja katika kila wilaya ambako majeshi yale yalipita, wazee waliobaki waje waandikishe majina ya waliochukuliwa wasirudi. Majina tunayo. Ya kijiji chetu nimeyaandika kwa mkono wangu, jina la babu likiwa la kwanza, na karatasi hiyo imelala kwenye faili la ofisi ya wilaya. Waliokuwa wananitajia majina hayo wameshaanza kuisha; mwaka huu tumezika wawili.

Simamisha uchimbaji, Mheshimiwa. Wanarudi kazini Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, mjukuu wa mpagazi
Lindi