Jaketi lisikudanganye: vua, tazama jalada la nyuma

Mhariri,

Wanaokusanya riwaya za Marekani za miaka ya 1970, zile za jalada gumu zilizotamba kwenye orodha za mauzo, wanaumizwa mno na jambo moja: kuuziwa nakala ya klabu ya vitabu kwa bei ya toleo la kwanza. Mara nyingi hata muuzaji hajui anachouza, na hilo ndilo linalosikitisha, maana kutofautisha ni kazi ya dakika mbili.

Enzi hizo klabu kama Book-of-the-Month Club na Literary Guild ziliwapelekea wanachama vitabu kwa posta. Riwaya iliyovuma, mithili ya Jaws ya 1974, ilichapwa upya kwa ajili yao, mara nyingi kwa karatasi nyepesi na jalada la bei nafuu. Nakala hizo zinasomeka vizuri tu, hadithi ni ileile. Ila mkusanyaji hazimfai.

Anza na jaketi, yaani karatasi inayovishwa juu ya jalada gumu: tazama mkunjo wake wa mbele, kona ya juu. Nakala ya dukani huwa na bei hapo. Carrie ya Stephen King, ya 1974 pia, ina $5.95. Ya klabu kwa kawaida haina bei, na pengine chini ya mkunjo pameandikwa Book Club Edition, yaani toleo la klabu ya vitabu. Ukikuta kona imekatwa kwa mkasi, usihukumu haraka. Wengi walikata bei kabla ya kutoa zawadi, lakini wapo pia wanaokata ili isijulikane kwamba bei haikuwapo kabisa.

Basi vua jaketi. Inamisha jalada la nyuma kwenye mwanga wa upande na upitishe kidole kona ya chini, karibu na mgongo. Ukigusa kishimo kidogo, cha duara au cha mraba, kisicho na wino au chenye rangi hafifu, hiyo ni alama ya klabu. Mimi naiamini alama hii kuliko ukurasa wa hakimiliki, kwa sababu klabu wakati mwingine zilichapa kwa sahani zilezile za kuchapia za mchapishaji, na maneno First Edition (toleo la kwanza) yakabaki palepale.

Ukurasa huo nao una mitego yake. Wachapishaji Doubleday, waliotoa Carrie, waliandika maneno First Edition kwenye chapa ya kwanza, kisha wakayaondoa katika chapa zilizofuata. Wachapishaji wengine, Random House, waliweka maneno hayo pamoja na mstari wa namba za kuonyesha ni chapa ya ngapi, ambao namba yake ndogo kabisa katika chapa ya kwanza ilikuwa 2, si 1. Wengi wametupa chapa ya kwanza halisi wakidhani ni ya pili. Na msimbo mdogo ulio kwenye ukingo wa ndani wa kurasa za mwisho, kama P6 katika ukurasa wa 199 wa Carrie, hauthibitishi klabu, maana Doubleday waliutumia hata kwa nakala za dukani.

Mwisho, pima. Nakala ya klabu aghalabu ni fupi kidogo, hivyo jaketi la dukani likivishwa juu yake huchomoza ukingoni. Jaketi likiwa limechanika, msilibandike selotepu: gundi yake hugeuka kahawia, huingia kwenye karatasi, na doa hilo halitoki.

Msomaji wenu,
Mkusanyaji wa vitabu