Usitoke wanapoanza kuimba

Mwanangu mpenzi,

Huku Kibokoni sote tu wazima, alhamdulillahi. Uliniambia kwenye simu kuwa filamu za kuimba huziwezi: watu wanazungumza vizuri, mara wameanza kuimba barabarani, na wapita njia wote wanajua kucheza. Babako huyasema hayo hayo. Lakini Ijumaa alikaa na La La Land mpaka majina ya mwisho yakapita.

Filamu hii ya Damien Chazelle ya mwaka 2016 inaanza kwa kile hasa usichokipenda. Foleni kwenye barabara kuu ya Los Angeles, watu wanashuka na kucheza juu ya magari. Vumilia hapo. Baadaye mambo yanatulia. Ryan Gosling na Emma Stone hawana sauti kubwa, unasikia hata pumzi zao, na ndiyo maana unawaamini. Gosling alijifunza piano miezi kadhaa. Mikono unayoiona ni yake. Na wimbo wa Stone kwenye usaili, anaposimulia habari za shangazi yake, uliimbwa papo hapo mbele ya kamera. Anaanza kwa kusema tu, kisha husikii ni wapi maneno yamegeuka kuwa wimbo. Mwaka 2017 alipewa Oscar, na filamu kwa jumla ikazoa sita. Kwangu mimi, wimbo ule peke yake ulitosha.

Halafu wewe umekulia taarabu! Umewaona wanawake kwenye harusi zetu: mwaka mzima hawasemi linalowachoma, ubeti ukiwagusa huinuka kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima ushaelewa. Hukuwahi kuniuliza kwa nini hawazungumzi tu. Marehemu Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia mashairi ya Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Mia na Sebastian, yaani Stone na Gosling ndani ya filamu, nao huimba pale kusema kunapowashinda.

Mmoja anataka kuigiza, mwengine anataka klabu yake ya jazi, na wanapendana kwelikweli. Mwisho sikwambii. Dakika zile karibu hazina maneno, ni muziki wa Justin Hurwitz na nyuso zao. Babako akaanza kuuliza, "Sasa kwa nini wasi..." nikamshika mkono anyamaze.

Itazame kwenye televisheni, si kwenye simu. Ukimaliza nipigie hata ikiwa usiku, nataka kujua lawama umempa nani.

Mamako