Vituo vyetu vinanunua kamera, havinunui muda

Ndugu Mhariri,

Taarifa ya habari ya Kiswahili ikiisha jioni, hapa Lubumbashi malalamiko ni yaleyale: picha inatikisika, sauti haisikiki, anayehojiwa nusu yake iko nje ya kioo, na ripoti zote ni ukumbi, meza ndefu na chupa za maji. Wanaolalamika wana haki. Ila lawama humwangukia yule kijana mwenye begi mgongoni, na sisi tunaoifanya kazi hiyo tunaomba nafasi gazetini mwako tueleze inavyokwenda, maana kosa halianzii kwake.

Zamani gari la ripoti lilibeba mwandishi, mpiga picha na fundi wa sauti. Leo vituo vingi vya jijini vinamtuma mtu mmoja, na mara nyingi bila gari. Mtindo wenyewe haukuzaliwa kwetu. NY1, kituo cha televisheni cha habari cha New York kilichoanza kurusha matangazo Septemba 1992, kilijengwa tangu siku ya kwanza juu ya waandishi waliobeba kamera zao wenyewe, na miaka ya mwanzo ya 2000 BBC iliwafundisha mamia ya wafanyakazi wake wa mikoani kufanya hivyo. Kwa hiyo inawezekana, na inaweza kufanywa vizuri sana. Mama wa mtaa wa Katuba humweleza mambo mtu mmoja mwenye kamera ndogo ambayo hangeyasema mbele ya watu watatu na taa. Tatizo ni kwamba tulichukua akiba ya mishahara miwili tukaacha masharti yake.

Chukua ripoti ya dakika moja na nusu kutoka mtaa wa Ruashi. Kwenda na kurudi kwa takisi, na foleni zake, weka saa moja na nusu. Picha pamoja na mahojiano mawili, saa mbili. Kunakili kadi, kusikiliza mahojiano upya na kuandika, saa moja na nusu. Kusoma sauti na kufanya montaji, yaani kukata na kuunganisha picha na sauti, saa mbili. Hizo ni saa saba, na mtu hajala bukari, yaani ugali, wala umeme haujakatika. Kituo kinachodai ripoti tatu kwa siku kimeshaamua, hata kama hakijui, ni vitu gani vitaachwa: mahojiano ya pili, stendi ya kamera, na kusikiliza kabla ya kukata. Kimeamua pia habari zitatoka wapi. Ukumbini viti vimepangwa, maikrofoni iko mezani, wasemaji wote wako chini ya paa moja, na mwandalizi anatoa ile bahasha tunayoiita kupaji, ambayo kwa asiyepewa nauli na kituo ndiyo nauli yenyewe. Mtu mwenye ripoti tatu hawezi kwenda Ruashi kupiga picha ya bomba lililokauka. Atakwenda ukumbini, na hata mwandishi hodari angekwenda.

Kinachoharibika kwanza ni sauti, tena huharibika kimyakimya. Picha mbaya unaiona kwenye kioo cha kamera palepale. Lakini plagi iliyoingia nusu, betri inayokaribia kufa au ukosi wa koti unaosugua maikrofoni haviwezi kujulikana ila kwa hedifoni masikioni. Ule mstari wa sauti kwenye kioo hucheza hata kama kinachoingia ni mchakacho wa nguo tu. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na nguo ichunguzwe kabla: kitenge kipya ambacho hakijafuliwa kinapiga kelele kuliko fulana kuukuu. Zungusha kitanzi kidogo cha waya chini ya kibanio, ili mtu akijigeuza waya unyooke kwanza kabla haujaivuta maikrofoni. Vilele vya sauti kwenye ule mstari viishie karibu na dB −12 (dB ni desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Vikigusa sifuri, sauti imepasuka na hakuna montaji itakayoirudisha. Kamera ikiwa na njia mbili za sauti, ya pili ipokee sauti ileile ikiwa imeshushwa dB 10 hivi. Mchungaji au mgombea akipaza ghafla, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Jenereta ikinguruma jirani, ondoa maikrofoni ya kubana, chukua ya mkononi na uisogeze karibu na mdomo. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu hupanda kwa takriban dB 6 huku ngurumo ikibaki ilivyokuwa. Halafu weka ukuta kati yako na jenereta. Kuanzia Novemba hadi Machi adui ni mabati: mvua ikianza kupiga paa, ndani ya nyumba hakuna neno litakalosikika, na barazani hali ni hiyohiyo. Wakati manyunyu bado ni mepesi, gari lililofungwa vioo hutosha kuwa studio. Ikimwagika kweli, hakuna la kufanya ila kungoja, na kungoja ni muda ambao mwenye ripoti tatu hana. Sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi na si ile nchi, kibaya zaidi ni muziki. Jenereta hulia kwa namna moja, ukikata sentensi katikati mtazamaji hajui. Wimbo ukikatwa unaruka, na kila mtu nyumbani anasikia kwamba maneno ya muuza samaki yameunganishwa. Hapo sogea hatua thelathini, au mwombe mwenye spika akuzimie. Kabla ya kuondoka, nasa sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kuzungumza, uzitandaze baadaye chini ya viungo vya montaji.

Kumhoji mtu ukiwa peke yako kuna ugumu ambao asiyewahi hawezi kuuona. Ukimtazama usoni, humwoni kwenye kioo. Ukitazama kioo, anaanza kujibu kamera badala ya kujibu swali. Dawa ni maandalizi. Simama begani mwa kamera, lenzi iwe usawa wa macho ya anayehojiwa, kioo kigeuzwe upande wako ili kukitupia jicho iwe ni suala la nusu sekunde. Mwachie nafasi zaidi pembeni kuliko ambayo mpiga picha mwenye mwenzake angemwachia, kwa sababu ataegemea. Usimkalishe kamwe kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu: dakika ya tatu atakuwa amejisukuma nyuma nusu mita na picha imefifia. Funga fokasi (mpangilio unaoifanya picha iwe kali), maana ile ya kujiendesha hukimbilia mtu anayepita nyuma, na punguza tundu la lenzi hadi f/5.6 badala ya kulifungua lote ili upate kina cha kutosha akisogea. Mandhari yaliyofifia nyuma ni mazuri, lakini yanataka mtu wa kukaa na jicho kwenye kamera muda wote. Ukitaka kusimama mwenyewe mbele ya kamera, weka jiwe pale utakaposimama, simamisha ufagio juu yake, pima fokasi kwenye mpini, funga, kisha uondoe ufagio usimame wewe.

Kuhusu mwanga, jiji letu lina tabia zake. Mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari jua la saa sita linapita karibu kabisa juu ya utosi, macho yote yanakuwa mashimo meusi. Usimhoji mtu uwanjani saa hizo. Mlete ukingoni mwa kivuli, aelekee nje kunakong'aa. Kiangazi jua liko chini zaidi na uso unapigwa vizuri, ila vumbi jekundu linaingia kila mahali, na anayebadilisha lenzi kando ya barabara ya Kasumbalesa malori yakipita atajutia kazi hiyo mwezi mzima. Kamera ikiachwa ijiamulie, mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe atageuka kivuli, kwa sababu kamera inajaribu kuupunguza ukuta. Fungua lenzi kwa mkono mpaka uso uonekane, ukuta uungue ukitaka kuungua. Na ile mistari ya pundamilia inayoonya juu ya mwanga, vitabu vingi vinasema iwekwe asilimia 70 kwa uso. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Kwa nyuso zetu ishushe karibu na 50, halafu amini macho yako.

Ndani ya nyumba kumbuka kwamba umeme wetu ni wa hetsi 50. Piga fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa fremu 30, ndiyo maana picha za hospitalini na darasani chini ya taa za mirija zinapita mawimbi ya giza. Ni mpangilio wa dakika moja, na hakuna montaji inayoondoa kasoro hiyo kwa urahisi.

Picha zenyewe zihesabiwe kwa sekunde. Kamera itulie kwenye stendi sekunde kumi kwa kila picha, hata ikiwa utatumia tatu. Mikono inayofanya kazi, uso wa mwenye mikono, mahali pote kwa upana, kisha kutoka nyuma ya bega lake, kisha pembe moja ambayo mtazamaji haitegemei. Ripoti ya dakika moja na nusu inakula picha 20 hadi 30 za namna hiyo. Anayerudi na picha nane atalazimika kurudia ileile mara tatu, na huko ndiko zinakotoka zile chupa za maji.

Maandishi nayo yana hesabu yake. Vyumba vya habari vya Kiingereza hukadiria maneno matatu kwa sekunde. Ukiileta hesabu hiyo kwenye Kiswahili utajikuta unakimbia kama mtangaza mpira, kwa kuwa neno letu moja, kama "wamewafukuza", linabeba mtenda, wakati na mtendwa. Soma kwa sauti ukishika saa. Hakuna njia nyingine.

Kisha kuna umeme na intaneti. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inajaza gigabaiti 22 na nusu kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa tatu. Ripoti ya dakika moja na nusu ukiituma kwa uzito huohuo ni megabaiti 560 na zaidi. Kwa laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni dakika 37 na nusu za kutuma. Ukiishusha hadi megabiti 8 inakuwa megabaiti 90, inafika kwa dakika sita, na kwenye televisheni ya nyumbani wachache sana wataona tofauti. Betri ziwe tatu, zichajiwe usiku unaporudi kama umeme upo, kwa sababu asubuhi huenda usiwepo. Kadi isifutwe mpaka picha ziwe mahali pawili. Vituo vinavyowapa waandishi kadi moja ya kuzungushana vinapoteza kumbukumbu za jiji kila wiki, na hili linatuuma kuliko tunavyoweza kuandika.

Jambo moja halina ufundi wa kulitatua. Mwenye jicho kwenye kamera haoni nyuma yake. Januari 2022, huko West Virginia, Marekani, mwandishi aliyekuwa peke yake na kamera yake usiku kando ya barabara aligongwa na gari akiwa hewani moja kwa moja, watazamaji wakiona. Aliinuka na kuendelea na kazi, na wengi walimsifu. Swali lililopaswa kuulizwa ni kwa nini hakukuwa na mtu wa pili. Kwetu, kando ya barabara kuu, kwenye umati wenye hasira, au baada ya jua kutua, mtu wa pili si anasa. Si lazima awe fundi. Dereva anayesimama mgongoni mwa mpiga picha anatosha, na ndiye pia atakayemwonyesha polisi hati ya kazi yenye tarehe na mahali, wakati mwenzake akimalizia mahojiano.

Kwa hiyo tunawaomba wenye vituo mambo machache. Ripoti moja kwa mtu mmoja kwa siku, au mbili zikiwa mtaa mmoja. Nauli itoke kituoni asubuhi, taslimu, kabla ya mtu kutoka. Hedifoni kwa kila kamera, kadi mbili, betri tatu. Bei ya vyote hivyo ni sehemu ndogo ya bei ya kamera mpya, ambayo hununuliwa kwa shangwe kila baada ya miaka michache na sauti ikabaki ileile.

Na wasomaji wako, Ndugu Mhariri, tunawaomba hili: mwandishi akija dukani kwako akakuomba uzime redio na friji kwa dakika nne, zima. Akikuomba utoke mlangoni uje ukingoni mwa kivuli, toka. Akisema rudia jibu kwa sababu pikipiki imepita, rudia kama ulivyosema mara ya kwanza. Asipokuomba lolote kati ya hayo, ujue anakimbilia ripoti ya tatu.

Wapiga picha na waandishi wa habari za televisheni,
Lubumbashi