Centralia haikuwa mji wa mashetani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoichapa juma lililopita juu ya Centralia, kile kimji cha wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania, Marekani, ambacho moto unawaka chini yake tangu mwaka 1962. Mwandishi wenu amekiita "mji wa mashetani" mara nne, nimehesabu. Katueleza moshi unaofuka ardhini, barabara iliyopasuka na nyumba zilizotoweka. Walioishi humo walikuwa akina nani, na moto wenyewe uliingiaje huko chini, hakugusia. Msomaji anabaki akidhani ni laana. Mimi nimeifuatilia habari ya mji huu kwa muda mrefu, na kila nikiisoma naona vikao, zabuni na pesa za kuungaunga. Shetani simwoni.

Makaa ya milima ile ni ya aina ya anthrasaiti: magumu, yanang'aa, yanashika moto kwa taabu, ila yakishashika kuyazima ni kazi. Migodi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1856, baada ya reli kufika. Aliyepima mitaa na viwanja ni mhandisi wa kampuni ya makaa, Alexander Rae, naye aliuita mji wake Centreville. Kumbe katika wilaya ya jirani tayari palikuwa na Centreville nyingine, na posta haikuweza kuwa na mbili, basi mwaka 1865 jina likageuzwa kuwa Centralia. Rae hakuufaidi sana mji huo. Oktoba 1868 aliuawa njiani akiwa kwenye kigari chake cha farasi, na watu watatu wakanyongwa kwa mauaji hayo mwaka 1878.

Kufikia 1890 Centralia ilikuwa na wakazi 2,761. Ilikuwa na makanisa saba, hoteli tano, kumbi mbili za maonyesho, benki, maduka 14 na baa 27. Baa 27 kwa watu wasiofika 3,000! Aliyewahi kukaa na wachimba migodi hatashangaa. Watu wa Ayalandi walitangulia, kisha wakafuata wa Ulaya Mashariki, wakiwemo Waukraine, ambao kanisa lao jeupe lenye kuba za buluu lingali limesimama pale mlimani, juu ya mwamba usio na makaa chini yake.

Kuna jambo ambalo ningependa mwandishi wenu angelitafuta. Kampuni ikichimba makaa huacha nguzo za makaa hayohayo ndani ya mgodi ili zishikilie dari. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, migodi mitano ya hapo ilifungwa na wanaume wakabaki mikono mitupu. Wakawa wanarudi chini kwa kujiiba, na kwa kuwa makaa yaliyobaki rahisi kuyafikia ni yale ya kwenye nguzo, wakawa wanazikata hizo hizo nguzo. Nguzo ikitoka, dari inashuka, ardhi inatitia, na nyufa za kupitisha hewa zinafunguka. Siwalaumu, mtu mwenye jiko baridi na watoto haulizwi maswali ya uhandisi. Lakini miaka 30 baadaye moto ulipoingia, ulikuta chini ya mji pamekaa kama kichuguu, na moto unapenda hewa.

Sasa tuje kwenye dampo. Mwaka 1962 takataka za mji zilikuwa zikimwagwa kwenye shimo la zamani la mgodi wa wazi, karibu na makaburi. Mwisho wa Mei kulikuwa na sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, watu wangekuja makaburini, na harufu ilikuwa haivumiliki. Halmashauri ikawalipa watu wa kikosi cha kujitolea cha zimamoto wasafishe dampo, na namna ya kulisafisha ikawa ni kulichoma. Waliwasha, wakazima kwa maji, wakaenda zao. Baada ya siku mbili miale ikaonekana tena. Ilikuja kugundulika kwamba nyuma ya takataka, chini kabisa ya ukuta wa shimo, palikuwa na tundu la mita zaidi ya nne ambalo halikuwahi kuzibwa kwa udongo. Hapo ndipo moto ulipopitia kuingia kwenye mgodi. Wapo wanaosema chanzo ni majivu ya moto yaliyomwagwa na lori, lakini nao wanaanzia palepale dampo.

Serikali ya jimbo ilijaribu, kwa namna ya mtu anayelipa deni kwa senti. Mara ya kwanza ilitoa mkataba wa kama dola 20,000 kuuchimbua moto. Pesa ikaisha wakati moto uko mbele ya mashine. Mara ya pili wakashindilia mawe yaliyosagwa na maji kupitia matundu ya kutoboa. Baridi ikagandisha mabomba, na pesa ikaisha tena. Ulipofika mwaka 1983, utafiti ulionyesha kwamba kuuchimbua moto wote kungegharimu zaidi ya dola milioni 600. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule ufa haukuzibwa, na bei ya ukuta nayo ikawashinda.

Katikati ya hayo watu waliendelea kuishi: kupika, kwenda shule, kuzika. Mwaka 1979 mwenye kituo cha mafuta, ambaye pia alikuwa meya, alitumbukiza kijiti cha kupimia kwenye tangi lake la ardhini akakitoa kikiwa cha moto. Akafunga kipimajoto kwenye kamba, akakiteremsha. Petroli ilikuwa karibu nyuzijoto 78. Hebu jiweke mahali pa mtu huyo, umesimama juu ya tangi hilo.

Februari 1981 mtoto wa miaka 12 alikuwa uani kwa bibi yake, akaona moshi mwembamba ukitoka kwenye majani, akaenda kuangalia. Ardhi ikafunguka. Alijishika kwenye mzizi wa mti hadi binamu yake, naye mtoto tu, akamvuta mkono na kumtoa. Shimo lilikuwa na kina cha mita 45 hivi na lilikuwa linafuka gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Siku hiyohiyo waheshimiwa walikuwa mjini kukagua hali. Ilibidi mtoto anusurike kufa mbele ya wageni ndipo jambo litembee.

Hata hapo halikutembea bila kuugawa mji. Wengine walikuwa na vifaa vya kupima gesi ukutani vinavyopiga kelele usiku; wengine, wa mitaa ya mbali, hawakuona hata moshi na hawakutaka kusikia habari ya kuhama. Majirani waliacha kusalimiana. Mwaka 1983 walipiga kura: 345 tuhame, 200 tubaki. Kisha Bunge la Marekani likatoa kama dola milioni 42 za kununua nyumba, na nyingi zikavunjwa. Waliogoma kuuza walidai serikali inayamezea mate makaa yaliyoko chini, kwa kuwa haki ya madini hayo ilikuwa mali ya mji wenyewe. Ushahidi wa hilo sijauona, ila ninaelewa kwa nini mtu aliyedanganywa na zabuni mbili hakuamini ya tatu. Mwaka 1992 jimbo likatwaa nyumba zote zilizobaki, mwaka 2002 posta ikafuta namba ya mji, na mwaka 2013 wale wachache waliokuwa bado wanashindana mahakamani wakaruhusiwa kukaa humo hadi mwisho wa maisha yao. Sensa ya 2020 iliwakuta watano.

Hao watano ndio mwandishi wenu aliowaweka kwenye fungu moja na mashetani. Makaburi ya Centralia yanafyekwa, majina yanasomeka, na kanisa la kuba za buluu lina ibada. Mwandishi akiirudia habari hii, naomba aanzie huko.

Mwisho, lipo kosa la wazi ambalo ni haki ya wasomaji wenu lirekebishwe. Chini ya picha ya ile barabara iliyojaa michoro ya rangi mmeandika kwamba wageni "wanaendelea kumiminika kuitazama". Picha hiyo ni ya zamani. Wenye ardhi waliifukia barabara hiyo kwa malori ya udongo Aprili 2020.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi