Mdogo wangu, hicho kiwanja cha relini kiache

Mdogo wangu,

Jana nilikwenda na yule dalali kukitazama kiwanja unachotaka kununua huku Yombo, Dar es Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayetumiwa zile picha. Bei ni nzuri, ardhi tambarare, na nyuma yake inapita Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo majani yamefunika mataruma. Dalali akaniambia, "Hii Tazara imeshakufa, bosi."

Haijafa. Nilikaa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi jioni, treni ya mizigo ikapita, na ardhi ikatetemeka miguuni mwangu.

Imeugua, hilo sikatai. Ilijengwa ibebe mamilioni ya tani kwa mwaka. Mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Hapo ndipo watu walipoanza kusogea: kwanza tuta la matembele, kisha kibanda cha chipsi, mara msingi wa nyumba. Hata hivyo, ikiwa katika unyonge huohuo, Oktoba 2012 njia iliyotandikwa kwa ajili ya kupeleka shaba ya Zambia bandarini ilianza kuwabeba watu wa Mwakanga kwenda kazini. Na Septemba 2024, kule Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi wa China walishuhudia makubaliano ya kuifufua yakitiwa saini. Siku kazi ikianza huku kwetu, ile ardhi itadaiwa.

Hifadhi ya reli, yaani ardhi ya reli isiyoruhusiwa kujengwa, mjini ni mita 15 kila upande. Nilipima kwa hatua zangu kutoka relini hadi kwenye bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, niliyoonyeshwa: hatua tisa. Na bikoni yenyewe mpya, saruji haijapata hata vumbi. Nilipomuuliza dalali nani aliipanda, akaanza kuongea na simu.

Unaikumbuka nyumba ya baba mdogo. Karatasi zake zote zilikuwa na mihuri, na bado alipigiwa X nyekundu ukutani akaambiwa yuko ndani ya hifadhi. Fidia hakupata. Mabati aliyoyaokoa mpaka leo yameegemezwa nyuma ya kwa mama, hataki yauzwe.

Hela usitume. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanja kingine, kidogo kuliko hicho na ghali kidogo. Jumamosi nakwenda na mpima ardhi, nitakupigia tukiwa palepale.

Kaka yako